Binti yangu, kompyuta yake na daftari la bibi wa Kilwa

Mwezi uliopita nilimchukua binti yangu wa miaka 19, tukapanda basi Mbagala alfajiri kwenda Kilwa Masoko kumsalimia bibi yake. Ndivyo nilivyomwambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta mtu wa kunisaidia kumkatalia.

Nafasi ya chuo cha ualimu ameshapata. Yeye anataka kuahirisha mwaka mmoja, akae na wenzake wanne pale Kijitonyama watengeneze programu ya simu ya kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kutunza hesabu za madeni. Baba yake amesema niamue mimi. Na mimi nina kidonda. Kijana mmoja wa ukoo wetu aliacha kazi akafungua kampuni ya mtandaoni. Haikumaliza miaka miwili, na deni lake tulilipa kwa kuchangishana. Kila nikisikia neno "ubunifu" nakumbuka vile vikao vya michango.

Barabara mbili

Safari ya Kilwa siku hizi ni nyepesi. Tuliokwenda kusini zamani tunakumbuka kusubiri pantoni Rufiji, abiria wamelala kwenye mikeka na watoto wanalia. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ikafuata kipande kwa kipande. Sasa unapita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, unavuka mto, na mchana uko Nangurukuru unakata kushoto kwenda Masoko.

Tulipofika Somanga nilimwonyesha binti yangu upande wa bahari. Huko ndiko kiliko kisiwa cha Songo Songo, ambacho gesi yake imekuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Nikamwambia, "Umeme unaochaji kompyuta zenu Kijitonyama, sehemu yake unatoka kwa bibi yako."

Akacheka. Halafu akanikumbusha Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi ule Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara hii hii eneo la Somanga, magari yakakwama siku kadhaa. Tarehe 12 ya mwezi huohuo mikongo ya intaneti iliyo chini ya bahari nayo ikapata hitilafu, na nchi nzima ikabaki inatafuta mtandao. "Mama, zote mbili ni barabara," alisema. "Ikikatika yoyote, watu hawali."

Mji ulivyokua tukiwa tumelala

Njiani alinisimulia habari za Dar es Salaam ambazo mimi, niliyeishi humo miaka 25, sikuzijua. M-Pesa ilianza hapa nchini mwaka 2008. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukazinduliwa, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea zaidi satelaiti, ilikuwa ghali na ya kusuasua. Wengi wetu tulikuwa tunalipia dakika kwenye kibanda cha intaneti.

Mikongo ilipofika, vijana wakapata pa kuanzia. Mwaka 2011 kituo cha Buni kilianza katika jengo la COSTECH, Sayansi, Kijitonyama, kijana akaweza kuingia na wazo lake, akapata meza, mtandao na watu wa kumkosoa. Kikaja na kituo kilichoitwa Kinu, jina zuri, maana kwenye kinu hutwanga zaidi ya mmoja. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vya Dar walianza kazi ya Ramani Huria, wakipita mitaa inayofurika wakichora kwa simu kila mtaro na kila nyumba. Mwaka 2017 Benjamin Fernandes, Mtanzania, alianzisha NALA. Mwanzoni ilimwezesha mtu kutuma pesa kwa programu ya simu hata akiwa hana bando. Leo inawasaidia walioko Ulaya na Marekani kutuma pesa nyumbani, na mwaka 2024 ilipata mtaji wa dola milioni 40.

"Na waliofeli je?" nilimuuliza.

"Ni wengi kuliko waliofaulu, mama. Hata sisi tunajua."

Jibu hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kubishana na mtoto anayeota.

Kilwa Kisiwani

Kesho yake tulilipa kiingilio tukavuka kwa mashua kwenda Kisiwani. Ukiwa na watoto, wapeleke. Eneo hili pamoja na Songo Mnara ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 1981. Nendeni asubuhi kabla jua halijawa kali, na bebeni maji ya kutosha, maana kutembea kupo.

Tuliona msikiti mkuu, ambao sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11. Tukaenda Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane linalotazama bahari. Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331 na kuusifu kwa uzuri. Kilwa ilikuwa na sarafu zake za shaba. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko, wataalamu bado wanabishana.

Binti yangu alikaa muda mrefu kwenye ngazi za Husuni. Mji huu haukuchimba dhahabu. Dhahabu ilitoka bara kupitia Sofala, na Kilwa ikatajirika kwa kuwa mahali pa kukutana, kuhesabu na kuaminiana. Mwaka 1505 Wareno wakaja na mizinga, wakaingilia njia za biashara, na mji ukaanza kufifia. Nilimwambia, "Anayeshika njia ndiye anayekula. Nyie njia yenu kaishika nani?" Hakujibu. Aliandika kitu kwenye simu yake.

Bibi na maswali yake

Jioni tulikaa barazani. Mama mkwe wangu anauza samaki wa kukaanga, na madeni anaandika kwenye daftari la shule lenye mafuta kila ukurasa. Simu yake ni kiswaswadu. Binti alimweleza mpango wake mwanzo hadi mwisho. Nikasubiri bibi amkatae.

"Mke mwenza," bibi alimwambia kwa utani wao, "mtu akinikopa kisha akakana, hiyo programu yako itamfuata nyumbani?"

"Hapana, bibi. Ila itamkumbusha kwa ujumbe."

"Ukimkumbusha mbele ya mumewe, kesho haji kununua. Hilo umelifikiria?" Kimya. "Na kwenye hiki kisimu changu itaingia?" Kimya tena.

Jirani, mkulima wa ufuta, akaingilia. Tangu mwaka 2024 minada ya ufuta na korosho huku kusini inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. "Zamani tulisubiri watu wafungue masanduku ya zabuni. Sasa bei tunaiona inapanda kwenye skrini," alisema. "Mashine si mbaya, shangazi. Mbaya ni ile iliyotengenezwa na mtu asiyewahi kuuza gunia."

Bibi aliinuka, akarudi na daftari lake la mwaka jana, lililojaa. Akampa mjukuu wake. "Soma hili kwanza. Utaona nani analipa Ijumaa, nani analipa ufuta ukiuzwa, na nani halipi lakini simnyimi, maana alinizikia mume wangu. Ukilielewa, njoo tena."

Tulichokubaliana

Mzazi mwenzangu, sikurudi na jibu nililolifuata. Kwenye basi tuliandika masharti manne. Chuo kithibitishe kwa maandishi kwamba nafasi yake itamsubiri. Mwaka ni mmoja tu. Hakuna kukopa, awe yeye au sisi kwa ajili yake. Na kabla ya miezi mitatu arudi Kilwa aijaribu programu hiyo kwa wauza samaki watano, wakiwemo wenye kiswaswadu.

Bado naogopa. Chuo kikikataa kuahirisha, tutarudi kwenye mazungumzo upya, na nimemwambia hivyo. Lakini zamani nilikuwa naogopa kitu nisichokijua. Sasa najua wako wangapi, wanakaa wapi, wanalipa kodi ya meza kiasi gani. Jumamosi iliyopita nilikwenda Kijitonyama kuwaona. Daftari la bibi lilikuwa wazi katikati ya meza, na walikuwa wakibishana kuhusu yule asiyelipa lakini hanyimwi.