Sindano Tuliyokatazwa

Nyumbani kwetu Ifunda, mkoani Iringa, mama alikuwa na katazo moja lisilojadiliwa: kaka yangu asichomwe sindano. Kadi yake ya kliniki aliifunga kwenye nailoni, akamwomba mwalimu wa shule ya msingi aandike juu yake kwa kalamu nyekundu: "Damu yake haikatiki. Msimchome." Kila alipompeleka zahanati kwa malaria, aliinyoosha kadi ile mbele hata kabla ya salamu.

Alikuwa na sababu. Nilikuwa darasa la pili siku kaka alipochomwa sindano ya klorokwini pajani. Usiku ule paja lilivimba, likawa gumu kama gogo, ngozi ikang'aa, na kwa wiki tatu hakukanyaga chini. Tuliambiwa ni jipu. Halikuwa na usaha hata tone. Ilikuwa damu, imejaa ndani ya msuli na haina pa kutokea. Walipotaka kulipasua, mama alimfunga kaka mgongoni kwa kanga, mtoto mkubwa vile, akaondoka naye. Leo, nikijua ninayoyajua, naamini siku ile alimwokoa.

Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini alikuwa ameichora ramani ya ukoo wake kichwani. Kaka yake yeye, mjomba ambaye sikumwona, aling'olewa jino akatoka damu siku nne mpaka akafa. Mtoto wa dada yake alianguka kutoka kwenye mparachichi akavimba tumbo, wakamzika. Waliokufa wote wanaume, na wote wametoka kwa wanawake wa nyumba moja. Majirani walisema bibi alilaaniwa. Mama alijibu, "Laana gani inayochagua watoto wa kiume tu?" Swali lake lilikuwa sahihi kabisa, ila ilibidi lingoje miaka zaidi ya ishirini lipate jibu.

Ugonjwa wenyewe ulikaa zaidi magotini. Kaka alikuwa akisema, "Limeanza kuwasha moto," wakati sisi hatuoni kitu chochote. Baada ya saa chache goti lilikuwa kama boga. Tulimfunga kanga iliyochovywa maji ya baridi, na maji ya Ifunda mwezi wa saba yana baridi ya kutosha, kisha tukakesha naye akiuma kona ya blanketi. Hakulia. Kila mara goti liliporudi chini lilirudi likiwa limepungukiwa na kitu, maana damu inayomwagika ndani ya kiungo hula gegedu polepole. Alipofika darasa la saba mguu wa kushoto haukunyooka tena. Hadi leo haujanyooka.

Mara mbili aliongezewa damu. Hiyo nayo ilikuwa hofu ya aina yake, kwa sababu mikoa ya Iringa na Mbeya ilikuwa kati ya ile iliyoumizwa sana na UKIMWI, na kila chupa ya damu iliyotundikwa juu ya kitanda chake mama aliitazama kama anayemtazama mgeni asiyejulikana atokako. Kaka alipona hapo pia.

Niliolewa Mbeya. Nikajifungua mtoto wa kiume, na kwa miezi nane nilijifanya nimesahau nilikotoka. Alipoanza kutambaa nikaona alama za vidole vyangu mwenyewe kifuani pake, za bluu, mahali nilipomshika wakati wa kumwogesha. Nilikaa chini jikoni. Hakuna daktari aliyehitaji kuniambia.

Tulipanda basi alfajiri kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, mimi na mwanangu, na kaka tukampitia Iringa mjini. Kwenye kona za Kitonga nilimkumbatia mtoto kwa mto asije akagonga kiti. Muhimbili walitutoa damu wote watatu. Majibu yalipotoka, mwanangu na mjomba wake walikuwa na neno moja: hemofilia A, ile kali. Damu huganda kwa ushirikiano wa protini kadhaa zinazopokezana kazi, na wao ile ya nane, iitwayo fakta VIII, walikuwa nayo chini ya asilimia 1. Maelekezo ya kuitengeneza yako kwenye kromosomu X. Mwanamke anazo mbili, moja ikiwa na hitilafu nyingine humbeba; mwanamume anayo moja tu. Mwanamke mwenye hitilafu hiyo, kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Nilitamani mama angekuwa pale kusikia jibu la swali lake. Kaka, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, aliomba aandikiwe jina lile kwenye karatasi. Akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Kisha nesi akasema matibabu yake ni sindano.

Nilipompigia mama simu alinyamaza kwa muda mrefu. "Umesahau paja la kaka yako?" Sikuwa nimesahau. Ilinichukua muda kumweleza, na kujieleza mwenyewe, kwamba sindano iliyotuumiza ni ya kwenye msuli, na hiyo hadi leo ni marufuku kwa mtoto wangu. Hii huingia kwenye mshipa na kuipeleka fakta VIII moja kwa moja kwenye damu iliyoikosa. Hata chanjo anapewa, ila kwa sindano nyembamba sana, chini ya ngozi inapowezekana, na pale ilipoingia panakandamizwa muda mrefu. Katazo la mama lilikuwa kweli. Lilikuwa nusu ya kweli.

Miaka ya mwanzo dawa ilikuwa ya kuzima moto: goti livimbe kwanza, ndipo tukimbilie hospitali, chupa ikiwepo. Dawa hizi ni ghali kuliko kipato cha familia yoyote ninayoijua. Tulizipata kama msaada kupitia Shirikisho la Hemofilia Duniani, lililoanzishwa mwaka 1963 na Frank Schnabel wa Montreal, mfanyabiashara ambaye naye alikuwa na ugonjwa huu. Siku yake ya kuzaliwa, Aprili 17, ndiyo Siku ya Hemofilia Duniani. Msaada wa dawa shirikisho hilo lilianza kuutoa mwaka 1996, lakini kwa muda mrefu ulikuwa mdogo na wa kubahatisha. Mwaka 2014 kampuni zilizotengeneza fakta VIII inayodumu mwilini kwa muda mrefu zaidi ziliahidi kulipatia shirikisho uniti milioni 500 za dawa. Fakta ya kawaida nusu yake huisha katika muda wa saa 12 hivi. Hii mpya hufika karibu saa 19. Kwa mtu asomaye haraka tofauti hiyo ni ndogo. Kwangu ilimaanisha kwamba dozi chache kwa wiki zingeweza kumkinga mtoto kabla goti halijawasha moto. Mwongozo wa shirikisho wa mwaka 2020 ulisema wazi kwamba kinga ndiyo matibabu yenyewe, si kungoja damu imwagike ndipo ufuate.

Nilifundishwa kliniki, nikichoma mkono wa bandia, kisha mkono wa nesi mwenyewe aliyejitolea, Mungu ambariki. Dozi za kwanza za mwanangu zote zilitolewa hospitalini, kwa sababu mwili unaweza kuikataa dawa kwa ghafla: mabaka, kifua kubana, uso kuvimba. Ndipo nikaruhusiwa kubeba boksi kwenda nalo nyumbani Isanga.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ile inayotoka Loleza na kuingia chini ya mlango. Umeme ulikuwa umekatika. Nilifuta meza, nikanawa mikono mpaka viwiko, nikasoma tarehe ya mwisho kwenye chupa mara tatu. Chupa nilikuwa nimeitoa kwenye friji mapema ipoteze ubaridi yenyewe; hairuhusiwi kuipasha kwenye maji ya moto. Niliingiza maji yake taratibu, nikaizungusha viganjani bila kuitikisa, maana ukitikisa inatoa povu na kuharibika. Ikawa safi kama maji ya chemchemi. Ingekuwa na ukungu au chembe ningeiacha.

Mshipa sikuuona. Baridi ilikuwa imeificha mishipa yote. Nilifunga mpira mkononi, nikapapasa, nikaingiza sindano ya kipepeo, hakuna kitu. Mwanangu, miaka sita, alikuwa ananitazama usoni badala ya kutazama mkono wake. Nikajaribu tena, nikakosa tena. Kliniki walituwekea sheria: ukikosa mara mbili, acha. Usiupekue mkono wa mtoto kwa hasira. Nikakandamiza pamba, nikaanza kulia.

Kaka alikuwa kwetu juma lile. Akachechemea hadi jikoni, akarudi na beseni la maji ya uvuguvugu. "Mdogo wangu, weka mkono wake wa pili humu. Ngoja kidogo." Akamwambia mpwa wake afungue na kufunga ngumi kama anayekamua ng'ombe. Baada ya dakika kumi mshipa ulisimama kama kamba. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya mbili tu, nikampigia nesi. Akasema, "Mama, kama wewe umetulia, jaribu mkono huo mara moja. Kama hujatulia, njoo." Nikangoja mpaka nikatulia. Damu ikarudi kwenye mrija. Nikasukuma dawa polepole.

Toka siku ile beseni ni sehemu ya vifaa vyetu. Daftari pia: tarehe, saa, namba ya toleo iliyoandikwa kwenye chupa, mkono gani, na kama kuna kiungo kinachouma. Daftari hilo ndilo litakalotuonyesha mapema dawa ikianza kushindwa, kwani karibu watoto 3 kati ya 10 wenye hemofilia A kali miili yao hutengeneza kinga ya kuipiga vita fakta VIII. Dozi ile ile ikiacha kufanya kazi, ni kupimwa, si kuongeza chupa kwa kubuni. Sindano zilizotumika hatuzirudishii kifuniko; zinaingia kwenye dumu gumu la mafuta ya kula na kurudi hospitali, kamwe si shimoni. Aspirini na diklofenaki hazivuki mlango wetu.

Likizo tunakwenda Ifunda bila woga wa friji. Dawa hii inakubali kukaa nje ya friji, chini ya nyuzi joto 30, hadi miezi sita, ila ikishatoka hairudi. Siku ya kuitoa inaandikwa kwenye boksi. Mara ya kwanza mama aliomba kushika boksi lenyewe. Akaligeuza geuza, akasoma tarehe kwa sauti, herufi kwa herufi. Halafu akaenda chumbani akaleta ile kadi ya nailoni, wino wake mwekundu umefifia ukawa kama kutu, akaiweka mezani kando ya bomba la sindano. Akakaa karibu nami nikichoma. Hakufumba macho.

Kaka anapata dawa siku akivuja tu. Nimemsihi aulizie kinga. Anasema chupa zikiwa chache ziende kwa magoti ambayo bado hayajaharibika. Hapo hatukubaliani, na kila kliniki namkumbusha.

Mwanangu ana miaka kumi na mmoja. Siku za dawa anaandika daftari mwenyewe, kisha anakandamiza pamba na kuhesabu hadi mia tatu kwa sauti, bila kuruka hata moja. Akifika mwisho anachukua begi na kushuka mteremko wa Isanga kwenda shule. Mjomba wake akiwepo hutoka nje na kikombe chake cha chai, anasimama mlangoni, anatazama miguu ile miwili mpaka inapotelea konani.