Göppingen, mji wa treni ndogo



Wakati wa likizo kubwa nilikwenda Ujerumani kumtembelea dada yangu mkubwa, anayefanya kazi ya uuguzi kule. Niliporudi, wengi wenu mliniuliza: mwalimu, utatuandikia nini? Wengine walitaka habari za maduka, wengine habari za baridi. Lakini mimi nitawaandikia juu ya meza moja ya wazee wanaocheza na treni ndogo. Meza ile ilinifunulia jambo la baba yangu ambalo nilipaswa kulijua kabla sijapanda ndege.

Kutoka Lubumbashi nilipita Addis-Abeba mpaka Frankfurt, na kutoka hapo nikapanda treni mpaka Stuttgart, kisha nyingine mpaka Göppingen. Ni mji usio mkubwa, katika bonde la mto Fils, kwenye reli ya kutoka Stuttgart kwenda Ulm. Ukitoka kwenye gare na kuinua macho, unaona mlima wa Hohenstaufen, umesimama peke yake kama mtu anayechunga mji.

Kama mnavyojua, mimi nafundisha jiografia, na mwalimu wa jiografia hawezi kulala katika mji bila kuuliza mji huo unaishi kwa kitu gani. Dada yangu alicheka. Alisema: "Hapa ndipo zinapotoka treni za kuchezea." Nilifikiri ananitania. Kumbe ni kweli. Kampuni ya Märklin, inayojulikana na watoto na wazee wa Ulaya nzima, ilianzia hapa mwaka 1859.

Habari ya mwanzo wake itawafurahisha ninyi wamama. Theodor Märklin alikuwa fundi wa bati. Alitengeneza vyombo vidogo vya jikoni vya kuchezea wanasesere: sufuria, majiko, birauli. Aliyezunguka kuviuza ni mke wake, Caroline. Wakati ule haikuwa desturi mwanamke kusafiri peke yake kwa biashara, lakini yeye alibeba mizigo yake, akapita miji ya kusini ya Ujerumani mpaka Uswisi. Mume alikufa mwaka 1866, na mama yule hakuacha kazi ife. Aliishikilia miaka mingi mpaka watoto wake wa kiume walipoipokea. Mwaka 1891, katika soko kubwa la Leipzig, ndugu hao walionyesha treni ya kuchezea ambayo reli zake unaweza kuziongeza kidogo kidogo, kila mwaka kipande kingine. Hapo ndipo jina lao lilipoenea. Kwa hiyo, dada zangu, mkimwona mwenzetu anapita na beseni kichwani tangu asubuhi, msimdharau. Hamjui beseni lile litazaa nini.

Jirani ya dada yangu ni mzee aliyekuwa mashinisti wa treni kabla ya kupumzika. Aliposikia kwamba baba yangu pia alikuwa mashinisti, kwenye reli ya Lubumbashi mpaka Kamina, alinisalimia upya, kwa mikono miwili. Alitaka kujua kila kitu: reli zetu zina upana gani, mashini zinavuta mabehewa mangapi, kama tuna umeme. Nilijibu nilichokijua. Halafu akatualika, mimi na dada, kwenye chama chao cha treni ndogo, jioni.

Chama kinakutana katika chumba kirefu chini ya nyumba moja ya zamani. Katikati kuna meza kubwa kama kalasi nzima, na juu yake kuna nchi: milima, mito, makanisa, mashamba, na reli zinazopita kila mahali. Kila kitu kimepunguzwa mara 87. Nilifanya hesabu palepale, kama ninavyowafundisha wanafunzi: mtu wa mita moja na sentimita 74 anakuwa na urefu wa sentimita 2. Mashini ya mita 17 inaingia katika mkono wako. Na vitu vyote vinafanana na vya kweli, mpaka mama mdogo sana anayeanika nguo nyuma ya nyumba.

Walikuwa wazee tisa, na wamama wawili. Desturi yao ni hii: kabla ya kuwasha umeme, kila mmoja anaweka mezani alichonunua tangu walipokutana mara ya mwisho. Mmoja alileta mashini ya Uswisi ndefu, ya rangi ya kijani, ambayo wanaiita Mamba kwa sababu ya pua zake mbili zilizoinama mbele na nyuma. Aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, katika soko la vitu vya zamani, na haikutembea. Wote waliinama kuitazama kama wanganga juu ya mgonjwa. Mwingine alileta mabehewa mawili ya mizigo, akasema wazi kwamba hakuyahitaji. Mama mmoja alileta nyumba ndogo ya gare aliyoijenga yeye mwenyewe kwa muda wa majuma sita.

Kuna kitu kilichonichekesha. Mzee wa Mamba alitaja bei, wenzake wakamwuliza: "Hiyo ni bei ya hapa, au bei ya nyumbani?" Dada alinifafanulia kwamba mashini mpya inaweza kuzidi euro 300, na wazee hawa wanawatajia wake zao bei nyingine. Nikasema moyoni: hata kwetu iko hivyo, ila kwetu ni vikwembe, na ni sisi tunaopunguza bei.

Kisha yakaja mambo mengine. Bila mtu kubadilisha sauti, mzee mmoja aliuliza: "Na moyo?" Nilidhani ni salamu. Dada akaninong'oneza kwamba watano kati ya wale tisa wana ugonjwa wa moyo. Wakaanza kujibu mmoja mmoja, kama walivyojibu juu ya treni.

Mmoja mshipa wake wa moyo ulikuwa umeziba, wakaufungua na kuweka ndani yake kimrija cha waya. Alisema sasa anapanda ngazi za nyumbani bila kusimama. Wa pili ana kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, kinachosaidia moyo upige sawasawa. Yeye hashiki tena vyombo vyenye sumaku kali, wenzake wanamfanyia. Wa tatu, jirani yetu mwenyewe, moyo wake umechoka na hausukumi damu vizuri. Kila asubuhi anapanda kwenye mizani. Si kwa ajili ya unene. Akiongezeka kilo mbili kwa siku tatu, ni maji yanayokusanyika mwilini, naye anampigia munganga simu siku ileile, hangoji miguu ivimbe.

Hawakudanganyana kwamba treni zinaponyesha moyo. Wanameza dawa, na watatu wao wanakwenda kila juma kwenye kundi la mazoezi la wagonjwa wa moyo, ambako munganga anawaangalia wanapotembea na kunyoosha mikono. Makundi haya ni mengi Ujerumani, na la kwanza lilianzishwa mwaka 1965 huko Schorndorf, mji ulio karibu na Göppingen. Lakini mezani wanapata kitu kingine: watu wanaojua. Asipofika mtu mara mbili bila kutoa habari, mmoja anakwenda kugonga mlango wake. Na huwezi kujificha mbele ya mtu anayejua mpaka bei ya kweli ya mashini yako.

Jirani yetu akanigeukia. Aliuliza kwa upole: "Na baba yako, mashinisti mwenzangu, moyo wake je?" Nikasema ana tansio, na mwaka jana alipelekwa hospitali usiku kwa sababu alikosa pumzi, lakini sasa ni mzima. Akauliza tena: "Anameza dawa gani?"

Wamama, nilinyamaza. Dada yangu, muuguzi, naye alinyamaza. Wazee tisa wa mji wa kigeni walikuwa wamenitajia dawa zao zote katika jioni moja, nami sikujua hata moja ya baba aliyenizaa. Baba alipotoka hospitali tulipika bukari na kuku, tukamshukuru Mungu, na tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena. Tuliona ni heshima kumwacha baba na mambo yake.

Kesho yake yule mzee alitupeleka Geislingen, treni chache mbele kwenye reli ileile. Pale reli inapanda mlima. Ilijengwa mwaka 1850, na kwa kila mita 1.000 inapanda mita zaidi ya 22. Kwa gari ya barabarani hilo si kitu, lakini kwa treni ni kali sana. Tulisimama kando tukaona treni nzito ya mizigo inakuja polepole, mashini moja mbele ikivuta, na nyingine nyuma ikisukuma. Mzee alisema mashini ya nyuma haiaibishi ya mbele. Mlima ni mlima, na anayekataa kusukumwa anasimama katikati ya njia na kuwazuia wote.

Jioni hiyo tulimpigia baba simu. Alifurahi sana kusikia habari za reli, akauliza mashini ile ya nyuma inafungwa namna gani. Nilimwacha aseme. Halafu nikauliza: "Baba, dawa za moyo unazimeza?" Akasema: "Nameza." Dada akachukua simu, akauliza kama muuguzi: "Kila siku, baba?" Kukawa kimya kirefu. Mwisho akasema tangu Pasaka anameza siku moja, anaruka siku moja, ili sanduku la mwezi lifike miezi miwili. Makuta yaliyobaki aliyatia katika minervali ya mjukuu wake. Na zaidi ya hayo, alisema, hakusikia maumivu yoyote.

Hatukumgombeza. Tulilia baada ya kukata simu. Siku zilizofuata tuliongea na kaka zetu wote, na kila mmoja akachukua sehemu yake, hata kama ni ndogo. Mdogo wetu alimrudisha baba kwa munganga, akamweleza wazi kwamba bei ya dawa inatushinda. Munganga hakukasirika. Alibadilisha dawa moja, akaandika nyingine inayofanya kazi ileile kwa bei ya chini, na alimwambia baba jambo ambalo ninawaomba mlishike: tansio haina kelele. Mtu anajisikia vizuri kwa sababu dawa inafanya kazi, si kwa sababu ugonjwa umekwisha. Kuruka siku ni kuuachia nafasi.

Nilipoaga Göppingen, jirani alinipa zawadi mbili za baba. Ya kwanza ni behewa moja la zamani, rangi imeanza kutoka, lakini magurudumu yanazunguka vizuri. Ya pili ni kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya juma, cha kutilia dawa. Vyumba vimeandikwa kwa Kijerumani.

Baba alilipokea behewa kwa mikono miwili, akaligeuza, akatazama chini yake muda mrefu. Kisanduku hakukipenda. Alisema ni kitu cha wagonjwa. Kilikaa juu ya kabati siku nne. Siku ya tano nilimkuta amechukua kalamu na gundi, amefunika maneno ya Kijerumani kwa vipande vya karatasi, na ameandika kwa mkono wake: Lubumbashi, Likasi, Tenke, Lubudi, Luena, Bukama, Kamina. Ni njia yake, ile aliyoipita miaka yote ya kazi. Siku ya kwanza ni Lubumbashi, siku ya Mungu ni Kamina. Kisanduku kinakaa juu, watoto wasipofikia, na behewa liko kando yake.

Si kwamba sasa yote ni sawa. Juma lililopita alisahau Tenke mpaka jioni. Lakini mjukuu wake, yule wa minervali, kabla ya kwenda masomo anasimama mlangoni na kuuliza: "Babu, leo tuko wapi?" Na baba hawezi kujibu bila kufungua kisanduku.

Wamama wapendwa, katika nyumba nyingi za chama chetu kuna mzee mwenye tansio, au ni wewe mwenyewe. Juma hili muulizeni jina la dawa yake. Si kama anaimeza, maana atajibu "nameza". Ombeni kuona sanduku, hesabuni vidonge vilivyobaki pamoja naye, na kama ni bei inayomshinda, mwende pamoja kumwambia munganga. Mimi nilivuka bahari ndipo nikaulizwa swali hilo. Ninyi hamna haja ya kwenda mbali.

Leo, ninapoandika, ni siku ya ine. Tuko Lubudi.

Mwalimu wenu wa jiografia