Nenda Ujiji au Mugere: Barua kwa Mpwa Aliye Chuoni

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia kwamba chuo kimekutaka utafute mahali pa staji, yaani mafunzo ya kazini, kwa miezi ya saba na ya nane, na kwamba wengi wa darasa lako la historia wanakimbilia ofisi za mjini. Mimi mjomba wako nakushauri vingine. Katafute kazi mahali penye kumbukumbu, ambapo asubuhi mwanafunzi anafagia na kufyeka, na mchana anawasimulia wageni na watoto wa shule yaliyotokea pale. Kazi hizo mbili ni kazi moja, na huku kaskazini mwa Ziwa Tanganyika zinahitaji vijana waliosoma.

Tuanze na jiwe la Mugere. Liko ng'ambo ya ziwa, nchini Burundi, kusini kidogo ya Bujumbura, upande wa milima ile inayoonekana kutoka Kalundu, hapa Uvira upande wa Kongo, siku ya anga safi. Juu yake yamechongwa majina ya Livingstone na Stanley, na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wageni wengi hupiga picha pale wakiamini kwamba ndipo Wazungu hao walipokutana na kusalimiana kwa ile salamu maarufu, "Dr. Livingstone, nadhani?" Sivyo. Walikutana Ujiji, upande wa Tanzania ya leo, wiki kadhaa kabla. Kisha wakapanda mtumbwi kuja kaskazini, wakalala Mugere njiani. Walitaka kujua jambo moja: je, mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Kama ungekuwa unatoka, huenda Tanganyika lingekuwa chanzo cha Nile. Walipofika mlangoni mwake waliona maji yanaingia.

Sasa sikiliza sehemu inayotuhusu sisi. Mwaka 1858, miaka 13 kabla ya mtumbwi ule, wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika hapa Uvira. Walikuwa na swali lilelile. Wana watatu wa Mwami Maruta, mtawala wa hapa, waliwatembelea, wakaulizwa habari za Rusizi, wakajibu kwamba unaingia ziwani, hautoki. Burton mwenyewe aliyaandika hayo katika kitabu chake cha 1860. Maana yake ni kwamba fumbo lililowahangaisha wanajiografia wa London lilikuwa na jibu Uvira, kwa watu walioishi kando ya mto ule na kuvua ndani yake. Jibu lao halikuhesabiwa kuwa elimu mpaka Mzungu alipokwenda kujionea kwa macho yake.

Mwanafunzi wa staji anayesimama mbele ya jiwe lile na kuwaambia wageni hayo yote, kwa upole na kwa ushahidi, anafanya kazi kubwa kuliko kuchapa orodha ofisini. Halazimiki kuwatukana Livingstone na Stanley. Walisafiri kweli, waliugua kweli, waliandika. Lakini mtoto wa shule anayeondoka pale akijua majina mawili tu amenyimwa historia ya wapiga makasia, ya wapagazi, ya wenyeji waliowalisha na ya wana wa Maruta.

Ujiji nako kuna somo lake. Pale pana jumba la makumbusho la Livingstone, na miembe inayosemekana kuwa ni vizazi vya ule mwembe wa kukutania. Mgeni akifika huwa anauliza habari za Wazungu wawili. Mwongozaji mzuri anamjibu, halafu anamwongezea habari za Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka mbio kumlaki Stanley kabla bwana wake hajamwona. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi na mtumishi mwenzake Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kutoka nchi ya Zambia ya leo mpaka Bagamoyo, wakafika mwanzoni mwa 1874. Mwendo huo wote ulikuwa wa miguu.

Kuna pia habari nzito zaidi, na hapo ndipo kijana anapopimwa. Ujiji ulikuwa mji wa misafara ya pembe na watumwa. Wafanyabiashara wake walivuka ziwa na kuingia huku kwetu, na watu wa pwani hii ya magharibi walipitishwa pale wakiwa wamefungwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ile kuu ya msafara, kuanzia Bagamoyo mpaka Ujiji, katika orodha yake ya awali ya UNESCO. Miongoni mwa wanaosikiliza wamo wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza, na mara nyingine damu zote mbili zimo katika mtu mmoja. Habari hiyo haisemwi kwa kubahatisha wala kwa mzaha. Inasomwa usiku, inasemwa mchana, na swali gumu linajibiwa kwa utulivu.

Nije kwenye ufagio, maana najua wasomi wanaudharau. Jengo la kale halifi siku moja. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilipoteza sehemu ya roshani yake mwaka 2012. Tarehe 25 Disemba 2020, mafundi wakiwa kazini kuikarabati, upande mzima ukaporomoka na watu wakafa. Kilwa Kisiwani, kwa upande mwingine, iliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, ikatolewa mwaka 2014 baada ya miaka ya kuziba nyufa, kulinda ufukwe na kuwashirikisha wanakijiji wenyewe. Tofauti kati ya majengo yanayopona na yanayoanguka mara nyingi ni mtu aliyeona ufa ukiwa mdogo, akauandika, akausemea.

Kwa hiyo mwanafunzi ajifunze kuona. Ukuta wa chokaa hauzibwi kwa saruji, kwa sababu saruji hufungia unyevunyevu ndani na ukuta huoza taratibu. Jiwe lililochongwa halisuguliwi kwa brashi ya waya wala kwa asidi. Maji safi na brashi laini vinatosha, na pale kuvu inaposhikilia anaulizwa fundi kwanza. Mizizi ya mti inayoingia kwenye msingi haing'olewi kwa nguvu. Mfereji wa maji ya mvua unasafishwa kiangazi, kabla masika hayajaja. Kila wiki apige picha za mahali palepale, aandike tarehe. Daftari la namna hiyo lina faida kubwa kwa walinzi wa mahali pale hata baada ya yeye kurudi chuoni.

Faida hiyo irudi Uvira. Tumeona ziwa likipanda miaka hii na kumeza nyumba za ufukweni, tumeona mto Mulongwe ulivyofurika Aprili 2020. Nyumba za zamani, makaburi, barua zilizo sandukuni kwa wazee, vyote vinaweza kwenda na maji kabla mtu hajaviandika. Nchi yetu ina sheria ya ulinzi wa mali ya utamaduni tangu tarehe 15 Machi 1971, na Kinshasa ilipata makumbusho mapya ya taifa mwaka 2019. Lakini Kinshasa ni mbali, na sheria haifagii. Anayeweza kuanza kazi hapa ni kijana aliyejifunza Ujiji au Mugere namna ya kutunza na namna ya kueleza.

Kuhusu safari: Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini hilo halikuondolei karatasi. Omba barua ya utambulisho chuoni, tayarisha hati ya kusafiria na kadi ya chanjo, uliza hali ya mpaka wa Kavimvira kabla ya kufunga mzigo, na mkubaliane kwa maandishi juu ya malazi na chakula. Usikubali kazi ambayo hakuna anayekusimamia.

Kiswahili chako kinatosha Ujiji. Kwa Mugere, anza Kirundi sasa. Jirani yetu wa Kavimvira atakufundisha akiombwa vizuri. Andika maombi yako kabla mwezi wa tano haujaisha, kisha uje nayo hapa nyumbani tuyasome pamoja kabla hujayatuma.

Ni mimi mjomba wako, Uvira.