Nguvu Iliyobaki Kwenye Machicha

Zamani ungeniambia kwamba machicha ya kahawa yana kitu cha kuvunwa, ningekujibu kwamba vyote vizuri vimeshaingia kikombeni. Nilikuwa mhudumu wa mgahawa mjini Moshi, na kila jioni ndoo ya machicha niliimwaga jalalani. Nilibadilika nilipokwenda kusomea ufundi wa maabara.

Mwalimu alituagiza machicha ya mashine ya espreso. Tuliyakausha siku hiyohiyo, maana yakikaa mabichi huota ukungu upesi. Tukayaloweka kwenye ethanoli iliyochanganywa na maji, tukayapasha moto hadi nyuzi 60 huku tukikoroga, kisha tukachuja. Mwalimu akachukua tone la maji yale ya kahawia, akalizimua, akatia kemikali ya Folin-Ciocalteu na kabonati ya sodiamu. Tukasubiri. Rangi ikaanza kugeuka buluu, ikakolea mpaka nikashindwa kuona kidole changu nyuma ya neli.

“Hizo ni fenoli, wanangu,” akasema. “Ndizo zinazomwagwa kila siku.”

Pale ndipo nilipoelewa. Maji ya espreso hupita kwenye kahawa kwa takriban nusu dakika, hayawahi kubeba kila kitu. Hubaki asidi ya klorojeni na kafeini, na robusta, kama ile ya Kagera, ina nyingi zaidi ya hizo kuliko arabika ya kwetu Kilimanjaro. Mafuta ndiyo kabisa, maji hayayawezi: hufika asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa machicha makavu. Viwanda vya kahawa ya kuyeyuka hukamua kwa maji ya moto mkali yenye shinikizo, kwa hiyo kwa upande wa fenoli naona machicha ya migahawani ni tajiri kuliko yao. Fenoli huzuia mafuta yasichache, kafeini hutiwa kwenye krimu za ngozi, mafuta yanafaa sabuni. Makapi ya mwisho bado ni kuni, au shamba la uyoga.

Kuona mali hii ikitupwa kunaniuma kweli. Ugumu uko kwenye ukusanyaji, kwani zaidi ya nusu ya uzito wa machicha mabichi ni maji. Siku hizi nikiingia mgahawani huwaomba vijana wasiyachanganye na majani ya chai, na wayatandaze kwenye chekeche mapema, jua likiwa bado kali.