Mikono ya Mshonaji Wakati wa Kiangazi

Katika vikundi vyetu vya ushonaji hapa Lubumbashi kazi nyingi huja kwa mkupuo mmoja, kati ya mwezi wa sita na mwisho wa mwezi wa nane, kabla shule hazijafungua milango mwanzoni mwa Septemba. Wazazi huleta vitambaa vya sare, mashati meupe na sketi au suruali za buluu, na kila mmoja ataka yake iwe ya kwanza. Ni majira hayohayo ambapo mvua imekwisha kutuaga, baridi ya asubuhi inauma, na upepo wa vumbi unafyonza unyevu wote wa hewa. Miezi ya kushona sana ndiyo miezi ambayo mikono hukauka sana. Tumezoea hali hiyo hata twaidhani kuwa sehemu ya ufundi, kama vile mwashi anavyoizoea sugu ya kiganja chake.

Lakini mkono uliokauka si jambo dogo kwa mshonaji. Kiganja cha mtu, tofauti na uso wake, hakina vitezi vya kutoa mafuta. Kinategemea mafuta machache yaliyomo katika tabaka la juu la ngozi, na hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwili yasitoroke. Pamba huyanyonya siku nzima inapopita mikononi. Kitambaa kipya nacho huja na wanga na dawa za kiwandani zinazokiweka kikakamavu, na baadhi ya dawa hizo huwasha ngozi. Kisha jioni twafua kwa sabuni ya kipande, ambayo ni kali kuliko ngozi inavyopenda. Baada ya majuma mawili ncha za vidole huwa kama msasa: hunasa nyuzi za satini na kuzivuta, hazihisi tena kama uzi umekaza au umelegea, na hatimaye hupasuka palepale sindano inaposukumwa. Subana, kile kikofia cha chuma, husaidia kidole kimoja tu. Tone la damu huangukia kola nyeupe, na hapo huanza mbio za kutafuta maji ya baridi, kamwe si ya moto, kwa kuwa moto huifunga damu ndani ya pamba. (Mama mmoja miongoni mwetu hulowesha uzi mweupe kwa mate yake mwenyewe na kuusugua juu ya doa. Wengine walimcheka, lakini kola ilitoka safi.)

Basi twahitaji mafuta ya mikono, na kuyachagua ni kazi yenye mabwana wawili: mkono na kitambaa. Mafuta yampendezayo mmoja mara nyingi humwudhi mwingine. Vazelini, ambayo mama zetu huiamini kuliko kitu chochote, haiongezi maji katika ngozi; inayafungia tu yaliyomo. Kwa sababu hiyo hupakwa juu ya mkono wenye unyevu, na wakati wake ni usiku, kisha mtu huvaa soksi kuukuu za pamba mikononi na kulala. Mchana huacha alama kwenye kila kitu, hata kwenye gurudumu la cherehani. Gliserini hufanya kinyume: yenyewe huvuta maji. Ila katika hewa kavu kama yetu ya mwezi wa saba, ukiipaka tupu juu ya ngozi kavu, yaweza kuyavuta kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Ichanganywe na maji kwanza. Wengi huichanganya na ndimu. Tunawasihi msifanye hivyo. Maji ya ndimu juu ya ngozi, kisha jua, huunguza na kuacha madoa meusi kwa miezi.

Karite, ambayo mti wake humea pia kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, ni nzuri sana kwa nyufa, na kiasi cha punje ya haragwe chatosha mikono miwili. Kuhusu mawese hatuna la kuongeza, rangi yake inajisemea, yabaki jikoni. Kwa aliye na nyufa za kina, kwenye duka la dawa hupatikana krimu yenye urea, ambayo hushika maji na kulainisha ngozi ngumu, ingawa huchoma kidogo ikipakwa juu ya kidonda kilicho wazi. Manukato hayana faida yoyote kwa ngozi iliyopasuka, na mara nyingi ndiyo yanayoiwasha. Kati ya makopo mawili, chukueni lisilonukia.

Kuna jaribio moja ambalo twapenda kila mwanafunzi alijue. Paka mafuta, ngoja dakika 20, kisha bana kati ya vidole kipande cha masalio ya kitambaa kilekile unachokishona. Kiache hadi kesho yake, ndipo ukipitishie pasi ya moto. Doa la mafuta lisiloonekana jioni hujitokeza chini ya pasi. Likitokea, mafuta hayo ni ya usiku. Lisipotokea, unaweza kuyatumia wakati wa kupiga bandi na kutia vifungo. Jaribio hili halina gharama, na limeokoa nguo nyingi za watu.

Tungependa kuishia hapo, lakini kuna makopo mengine.

Mwaka huu binti mmoja anayejifunza kwetu, mwenye vidole vilivyopasuka vibaya, alinunua sokoni kopo aliloambiwa kuwa ni la mikono. Katika siku chache nyufa zilifunga. Tulifurahi naye, na wawili wetu waliomba wapakwe pia. Baada ya majuma kadhaa mgongo wa mkono wake ulikuwa umegeuka kuwa mwekundu-mweupe, viungo vya vidole vikabaki vyeusi, na ngozi ikawa nyembamba hata pini ikigusa tu inachana. Kwenye kopo kulikuwa na neno la Kifaransa, « éclaircissant », kwa herufi ndogo. Mafuta ya namna hiyo mara nyingi huwa na hidrokinoni, au klobetasoli, ambayo ni dawa halisi ya hospitali: hutuliza mwasho haraka, na ndiyo maana mtu huamini kuwa amepona, lakini ikiendelea kupakwa bila uangalizi hukonda ngozi. Mengine yana zebaki, ambayo hupenya ngozi na kudhuru figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulipangwa kukomesha vipodozi vya zebaki, lakini soko halisomi mikataba.

Kumwambia hakukuwa rahisi. Miongoni mwetu wako wanaotumia mafuta ya kujichubua kwa kupenda, na walidhani maneno yatawageukia wao. Wengine walinong'ona kwamba binti alijua fika anachokinunua. Mama mkubwa wa kikundi ndiye aliyemchukua pembeni, akamwuliza swali moja tu, kama mikono inauma. Alijibu: « Mama, haikuwa inauma tena, ndiyo maana niliendelea. » Alikuwa ametafuta nafuu, nasi hatukuwa na kopo letu la kumpa. Walikwenda pamoja kwenye kituo cha afya, kwa maana aliyepaka dawa kali kwa muda mrefu hapaswi kuiacha kwa ghafla bila ushauri wa mwuguzi au daktari. Alikatazwa kufua kwa mwezi mzima. Akabaki nasi akikata vitambaa na kupima wateja, kazi ambayo, tukisema kweli, anaifanya vizuri kuliko kushona.

Ndipo lilipozuka suala la kopo la pamoja. Watu wazima walitaka kila mmoja ajinunulie. Walisema kitu cha wote huisha upesi na hakuna anayekitunza. Vijana walijibu kwamba mwanafunzi asiyelipwa hana faranga za karite, na kwamba akikosa chetu atakwenda kuchota cha sokoni. Tulibishana jioni mbili. Mwishowe tulikubaliana kuondoa sehemu ndogo kwenye malipo ya kila sare kumi. Fedha hiyo hununua kopo kubwa la vazelini kwa usiku, ambalo kila mmoja huchukua kiasi chake katika kikopo, na krimu nyepesi isiyonukia kwa mchana, ile iliyoshinda jaribio la pasi. Kopo la mchana hukaa dirishani karibu na beseni la kunawia. Wazee walisema kweli juu ya jambo moja: lilikwisha kabla ya katikati ya mwezi wa nane, na ilitubidi kununua la pili.