Goti, Pumzi na Mkojo

Wanafunzi wa uuguzi wanapoletwa kwetu wodi ya wazazi, maswali yao ya kwanza huhusu kuchoma. Mshipa upi, sindano ya ukubwa gani, tako lipi lianze. Ni nadra kumsikia anayeuliza: nikishachoma, nifanye nini? Kwa dawa ya magnesiamu salfeti, hilo ndilo swali la kazi. Kuchoma ni kwa dakika chache. Kinachobaki ni saa 24 za kumwangalia mama, na humo ndimo dawa hii inapoamua kuwa tiba au kuwa sumu.

Mimi ni muuguzi mkunga katika hospitali ya wilaya, kusini mwa Tanzania. Wanaotujia na kifafa cha mimba wengi walikuwa na dalili kabla ya kuanguka: kichwa kinauma hakisikii panadoli, macho yanaona nyotanyota, chembe ya moyo inauma. Presha ikifika 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, na mkojo ukaonyesha protini, kliniki inatakiwa ishtuke hapohapo. Wengine hawakufika kliniki. Wanaletwa wameshaanguka nyumbani, ulimi umeng'atwa, na wifi anaeleza kwamba mgonjwa amepandisha jini. Sibishani na wifi. Namlaza mama ubavu wa kushoto, nasafisha njia ya hewa, kijiko walichomtia mdomoni nakitoa, na mwenzangu anafungua kisanduku.

Kisanduku hicho ni boksi la plastiki lenye kifuniko, tunaliweka karibu na meza ya leba. Ndani mna vichupa vya magnesiamu, maji ya kuchanganyia, mabomba ya sindano ya mililita 20 na 10, lignokeni, na kichupa kimoja ambacho wageni hushangaa kukikuta humo: kalsiamu glukoneti. Hiyo ndiyo inayozuia magnesiamu ikizidi. Sheria yetu ni kwamba kisanduku kisicho na kalsiamu hakijakamilika, hata kama magnesiamu imejaa hadi juu. Anayepokea zamu hukagua kabla ya kusaini.

Wakunga walionifundisha walizoea diazepamu. Ilimtuliza mama, lakini ilimlaza mno, na mtoto alizaliwa mlegevu, hapumui vizuri. Mwaka 1995 matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa yalionyesha kwamba waliopewa magnesiamu walirudiwa na kifafa kwa kiwango kisichofika nusu ya kile cha waliopewa diazepamu. Mwaka 2002 ukaja mwingine mkubwa zaidi, uitwao Magpie, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ukaonyesha kuwa mwenye dalili za hatari akipewa dawa hii mapema, uwezekano wa kuanguka kifafa unapungua kwa 58%. Siku hizi hakuna mabishano tena juu ya dawa ipi. Mabishano yaliyobaki ni juu ya namna ya kuitoa, na hapo ndipo muuguzi anapobeba mzigo.

Hesabu yake ni ndogo ila haisamehi. Kichupa kikiandikwa 50%, maana yake kila mililita ina nusu gramu. Dozi ya kuanzia kwenye mshipa ni gramu 4, yaani mililita 8, tunaongeza maji mililita 12 ili yawe 20 na nguvu ishuke hadi 20%, kisha inaingia polepole, si chini ya dakika tano. Baada ya hapo gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako, pamoja na mililita moja ya lignokeni ya 2% kila upande kwa sababu inauma kweli. Kisha gramu 5 kila baada ya saa nne, tako kwa kupokezana, hadi zitimie saa 24 tangu kujifungua au tangu kifafa cha mwisho, kinachochelewa kati ya hivyo viwili. Ninaandika haya ili msomaji aone kazi ilivyo. Asichukue gazeti akaenda nalo kitandani kwa mgonjwa.

Tatizo ni kwamba vichupa havifanani kila mwezi. Mara vinakuja vya mililita 10, vyenye gramu 5. Mara vya mililita 2, vyenye gramu 1. Anayesema kwa mazoea "niletee vichupa viwili" anaweza kuwa anaomba gramu 10 au gramu 2. Wodini kwetu hatutaji dawa hii kwa vichupa. Tunaitaja kwa gramu, na aliyevuta dawa anamsomea mwenzake maandishi ya kichupa kwa sauti huku mwenzake akitazama. Usiku, mtu akiwa peke yake, humwita hata mhudumu wa wodi asimame asikilize. Huyo mhudumu si mtaalamu wa dawa, lakini kusoma kwa sauti mbele ya mtu kunakulazimisha usome kilichoandikwa, si ulichokitarajia.

Na jina. Sisi tumefundishwa mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. La kwanza linaonekana rahisi kuliko yote, kumbe ndilo linalonitia wasiwasi. Ukisimama mlangoni ukauliza, "Wewe ndiye Zainabu?", mama aliyechoka, anayemheshimu nesi, ataitikia ndiyo hata kama ni Zuhura. Uulize, "Mama, jina lako nani? Na la baba?" umwache aseme mwenyewe. Akiwa hana fahamu, ndugu aseme, na kadi ya kliniki ilinganishwe na faili.

Dawa ikianza kuingia mshipani mama husikia joto linampanda kutoka kifuani hadi usoni, wengine hutokwa jasho, wengine kichefuchefu. Katika utafiti wa Magpie karibu robo ya waliopewa dawa walilalamika namna hiyo. Nikimwambia mapema, "Utasikia joto, usiogope, ni dawa inaingia," atavumilia. Nisipomwambia, atavuta mkono na kung'oa kanula. Kumweleza mgonjwa ni sehemu ya dozi.

Sasa nije kwenye kumwangalia. Magnesiamu hupunguza nguvu ya amri inayotoka kwenye neva kwenda kwenye msuli. Ndiyo maana ikizidi, msuli huanza kukataa kazi kwa hatua. Kwanza goti haliruki ukiligonga. Mama analegea, anasinzia, maneno yanakuwa mazito. Ikiendelea kupanda, misuli ya kupumua nayo inasimama. Goti linatangulia pumzi, na hiyo ni rehema kubwa, kwa sababu linakupa onyo kabla ya hatari. Kabla ya kila dozi tunataka mambo matatu: goti liruke, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa katika zile saa nne zilizopita. Moja likikosekana, dozi inasubiri. Pumzi zikisimama, tunampumulisha kwa mfuko na barakoa, na kalsiamu glukoneti gramu 1 inaingia mshipani polepole.

Hatuna mashine ya kupima magnesiamu kwenye damu. Tuna saa ya mkononi, kinyundo cha mpira (na kikipotea, ukingo wa kiganja unatosha), na mfuko wa mkojo. Katika hivyo vitatu wengi hudharau mfuko. Lakini dawa hii haina njia nyingine ya kutoka mwilini isipokuwa figo, na ugonjwa wenyewe hushambulia figo. Yaani mama anayeihitaji zaidi ndiye anayeweza kushindwa kuitoa. Mkojo ukikauka, dozi ya saa nne zilizopita bado iko mwilini, nawe unakuja kuongeza nyingine juu yake.

Hapa ndipo ndugu wanapotuharibia bila kujua. Shangazi mwenye huruma anauona mfuko umejaa, anaumwaga chooni, anarudi kuukalia mkeka. Anadhani amenisaidia. Mimi nimepoteza saa nne za hesabu. Siku hizi namwonyesha ndugu mfuko tangu mwanzo: "Mama, huu usiguswe na mtu ila nesi, huu ndio unaotuambia kama dawa inatoka." Akielewa sababu, anakuwa mlinzi mkali kuliko mimi.

Usiku mmoja tulikuwa na mama aliyejifungua jioni. Ilipofika dozi ya saa nane usiku, goti lilikuwa kimya na mfuko ulikuwa na mililita zisizofika 30 kwa saa zote nne. Pumzi zilikuwa 17. Daktari wa zamu, kijana mgeni, aliniambia kwa simu niendelee kwa sababu presha ilikuwa bado 170/110. Nikamjibu, "Daktari, naomba uje umwone kwanza. Presha ina dawa yake." Akaja, akagonga goti mwenyewe mara tatu. Tukasimamisha magnesiamu, tukatoa hidralazini kidogokidogo kwa ajili ya presha, kalsiamu ikakaa kwenye kitambaa safi kando ya kitanda ikiwa imeshavutwa na kuandikwa jina. Kabla ya kupambazuka goti lilirudi na mkojo ukaanza kutoka. Yule daktari hakukasirika. Tangu siku hiyo huuliza mkojo kabla ya kuuliza presha. Kuchanganya kinga ya kifafa na tiba ya presha ni kosa la kawaida hata kwa wazoefu. Magnesiamu inazuia kifafa. Si dawa ya kushusha presha.

Kuna jambo jingine linalotutega sisi peke yetu, wa nchi hizi: saa. Faili linaandikwa 02:00, mdomoni tunasema saa nane usiku. Mwanafunzi akiandika "dozi ijayo saa 10" hujui ni alfajiri, saa kumi yetu, au ni 10:00 ya faili ambayo ni saa nne asubuhi. Kwa dawa ya vidonge tofauti hiyo huenda isionekane. Kwa dawa ya kila saa nne, ama mama amepewa mapema mno, ama ameachwa bila kinga katikati ya saa zake za hatari. Amri yangu ni moja: kwenye karatasi tarakimu nne, na kwenye kukabidhi zamu anayeondoka anataja saa kwa namna zote mbili huku wote wawili wakiwa wamesimama kitandani kwa mgonjwa, si mezani kwenye chai.

Na damu ikitoka baada ya kujifungua, mkono usiende kwenye ergometrini kwa mazoea. Inapandisha presha, na kwa mama huyu inaweza kupasua mshipa wa ubongo. Oksitosini ndiyo yake. Tumezitenga: oksitosini iko kwenye friji pale leba, ergometrini katika rafu nyingine, na juu ya kitanda cha mwenye presha tunabandika karatasi yenye maneno makubwa mekundu.

Baada ya kuyasikia haya yote, wapo wakunga wanaoiogopa dawa hii hadi wanaitoa nusu. Wanatoa dozi ya kuanzia, mama anatulia, nao wanaacha, wakisema afadhali kifafa kirudi kuliko apoteze pumzi mikononi mwangu. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Kifafa kinaporudi kinaweza kuja na damu kwenye ubongo, na mtoto tumboni anakosa hewa. Woga huo ukiuchunguza utaukuta hautokani na dawa. Unatokana na zamu ya mkunga mmoja mwenye leba nzima, ambaye anajua kwamba saa nne zijazo atakuwa anazalisha kitanda cha tatu na hatapata nafasi ya kugonga goti la mtu. Hana haki ya kuacha dozi, lakini aliyempanga peke yake ana kosa kubwa kuliko lake. Hospitali inayonunua magnesiamu na isiweke mtu wa kuiangalia imenunua nusu ya dawa.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, mnaotuletea hawa akina mama kwenye bajaji na magari ya kukodi. Mnafanya vema kumchoma dozi ya kuanzia kabla ya kumpa rufaa. Mwongozo ndivyo unavyotaka, na wengi wamefika hai kwa sababu yenu. Lakini mara nyingi anafika na ndugu asiyejua chochote isipokuwa "alichomwa sindano." Sindano gani, gramu ngapi, saa ngapi? Nikidhani hakupewa, nitamrudishia gramu 14 juu ya zenu. Nikidhani alipewa kumbe hakupewa, atanidondokea mlangoni. Andikeni kwenye kadi ya kliniki, na barua ikichelewa andikeni kwa kalamu kwenye plasta iliyoshika kanula: jina la dawa, gramu, saa kwa tarakimu nne, na kama mmechoma matako yote mawili au hapana. Wekeni namba yenu ya simu pia. Nitapiga, hata kama ni usiku.