Tottenham kwa miguu, kumtafuta Wanyama

Kama una kijana nyumbani anayevaa jezi nyeupe ya Tottenham Hotspur, mpeleke matembezi haya siku isiyo na mechi. Panda treni ya Victoria, lakini mshuke Tottenham Hale, msiende moja kwa moja uwanjani. Vaeni viatu vya kutembelea.

Nilikwenda na mwanangu wa miaka kumi na mmoja. Amezaliwa hapa, na wachezaji wa Spurs anawajua mpaka wa akiba. Njiani nikamuuliza kama anamjua Wanyama. Akasema, "Wanyama gani, Baba? Simba na twiga?" Nilicheka, lakini lilinichoma kidogo.

Kutoka stesheni mnafika Tottenham Marshes, uwanda wa majani kando ya mto Lea. Mwaka 1882 vijana wa shule waliokuwa wakicheza kriketi walitaka mchezo wa msimu wa baridi, wakaanza kucheza mpira hapa. Uwanda ulikuwa wa umma, kwa hiyo hakuna aliyeweza kutoza kiingilio. Watu walipozidi kuja kutazama, mwaka 1888 klabu ikakodi kiwanja Northumberland Park, dakika chache kwa miguu, ikaanza kuuza tiketi. Nako kukajaa. Mwaka 1899 wakahamia nyuma ya barabara kuu ya Tottenham, kwenye shamba la zamani la kuotesha maua lililokuwa mali ya kampuni ya bia. Hapo ndipo uwanja wa White Hart Lane ulipozaliwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1901, wakachukua Kombe la FA wakati hata hawajaingia kwenye ligi kuu ya nchi. Mwaka 1961 wakabeba ligi na kombe msimu mmoja.

Sasa Wanyama. Victor Wanyama, mtoto wa Nairobi na mdogo wake MacDonald Mariga, ndiye Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa Southampton, mwaka 2013. (Ndiyo, ndiye yule yule aliyechekwa mtandaoni kwa kutangaza kwamba amekula spageti.) Spurs walimchukua mwaka 2016 awe kiungo mkabaji. Tarehe 14 Mei 2017 White Hart Lane ilichezewa mechi ya mwisho kabla ya kubomolewa, dhidi ya Manchester United. Dakika ya sita ikapigwa krosi kutoka kushoto, Wanyama akaruka, kichwa, goli. Harry Kane akaongeza la pili, Wayne Rooney akarudisha moja, ikaisha 2-1. Baada ya miaka 118, katika siku ya kuuaga uwanja ule, goli la kwanza lilifungwa na mtu wetu. Nilimweleza mwanangu haya tukiwa tumesimama barabarani, akanitaka nimwonyeshe mahali penyewe.

Hapo ndipo pagumu. Uwanja mpya, uliofunguliwa Aprili 2019, unachukua watu 62,850, na sehemu yake imekaa juu ya ule wa zamani. Tulilipia ziara ya ndani. Upande wa jukwaa la kusini, kwenye sakafu, pamewekwa alama palipokuwa katikati ya uwanja wa zamani. Leo watu hupita hapo wakienda kununua vinywaji. Kutoka kwenye alama ile mwanangu alihesabu hatua kwa miguu yake kuelekea lilipoweza kuwa goli, akaishia ukutani.

Uwanja haukupanuka hivi hivi. Kiwanda kimoja cha familia cha kazi za mabati kilikataa kuhama, kesi ikafika mahakamani, kikashindwa mwaka 2015. Ukipita mbele ya maduka madogo ya barabara kuu, mengi ya wahamiaji kama sisi, utajiuliza ni yapi yatakuwepo miaka kumi ijayo. Mimi nilinunua ndizi za kupika, angalau.

Mazoezi hayafanyiki hapo. Zamani timu ilijifua Cheshunt, baadaye Chigwell, na tangu 2012 iko Enfield, penye jina Hotspur Way. Wageni hawaingii, kwa hiyo msijisumbue. Mkitaka mpira wenyewe kwa bei inayovumilika, timu ya wanawake huchezea Brisbane Road, Leyton.

Kuhusu wanawake: klabu inataka kuwajengea wao na wasichana akademi jirani na Hotspur Way, kwenye bustani ya umma ya Whitewebbs, na baadhi ya wakazi wameipinga hadi mahakamani. Mwanangu yuko upande wa wasichana. Mimi nikamkumbusha kwamba klabu yenyewe ilianza kwenye majani ya umma, ya bure. Tulibishana hadi Seven Sisters.